Masomo huria pasipo bando: namna ya kuteua, kupanga na kufikisha mada moja darasani

Makundi ya WhatsApp ya walimu yamejaa viungo vya masomo kuliko mtu mmoja anavyoweza kuvifungua mwaka mzima. Kiungo kinatumwa, watu wanashukuru, kinapanda juu na kupotea. Mwanafunzi anayetaka kuelewa kanuni ya Ohm kabla ya jaribio la Ijumaa hasaidiwi na viungo 100. Anasaidiwa na vitu sita vilivyopangwa kwa mfuatano, vinavyofunguka kwenye simu aliyonayo.

Mwongozo huu ni wa kuandaa vitu hivyo sita. Tunachukua mada moja, kanuni ya Ohm katika fizikia ya sekondari, na kuifuata tangu kwenye muhtasari wa somo hadi kwenye kioo cha simu ya mwanafunzi asiye na bando. Mada nyingine zitafuata njia ileile.

Utahitaji kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi na nafasi ya GB 100 kwenye diski, ruta yoyote ya WiFi (hata isiyo na laini ya simu), flashi ya GB 64, na siku moja au mbili mahali penye intaneti nzuri. Tafuta pia simu ya majaribio, na iwe dhaifu kuliko zote zilizopo. Kinachofunguka pale hakitasumbua kwingine.

Hatua ya 1: Anza na muhtasari, intaneti baadaye

Ukianza kwa kutafuta video utachagua video nzuri, na somo litafuata video badala ya video kufuata somo. Fungua kwanza muhtasari na azimio la kazi, kisha igeuze mada kuwa maswali ambayo mwanafunzi lazima aweze kuyajibu. Kwa kanuni ya Ohm yanatosha haya:

1. Volteji, mkondo na ukinzani ni nini, na kila kimoja kina kipimo gani?
2. Ukiongeza volteji bila kugusa ukinzani, mkondo unafanyaje? Na ukiongeza ukinzani?
3. Kokotoa kwa V = IR, ikiwemo kubadili miliampea kuwa ampea.
4. Chora grafu ya volteji dhidi ya mkondo na ueleze mteremko wake.
5. Kwa nini taa ya nyuzi haiifuati kanuni hii inapopata joto?

Kila utakachokipata lazima kijibu mojawapo ya maswali haya. Kisipojibu, kiache, hata kama kinavutia kiasi gani. Jiwekee pia kikomo cha muda. Kipindi cha sekondari Tanzania ni dakika 40, na mada ndogo kama hii hupewa vipindi viwili au vitatu. Video zote kwa pamoja zisizidi dakika 25, ili ubaki muda wa kukokotoa na kuuliza. Video moja ya dakika 50 haifai hata ikiwa imefundishwa kwa ustadi, maana hakuna anayejua ni dakika ya ngapi inayojibu swali la tatu.

Tengeneza ukurasa mmoja wa istilahi, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi akiujua umeme kwa Kiswahili hukwama kwenye neno kabla ya kukwama kwenye fizikia. Ukurasa huu unachukua nusu saa kuuandika, na ndio utakaofunguliwa mara nyingi kuliko vyote.

Hatua ya 2: Tenga cha bure na kilicho huria

Hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Cha bure ni kile unachoweza kukitazama bila kulipa. Cha huria ni kile ambacho mwenyewe amekuruhusu kwa maandishi kukinakili, kukigawa, na pengine kukitafsiri au kukibadili. Baadhi ya kozi za Coursera na edX unaweza kuzifuata bila malipo, lakini hilo halikupi ruhusa ya kuzipakua na kuwagawia wengine. Vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure. Toa kiungo chake, usiweke nakala kwenye flashi yako. Video ya YouTube yenye leseni ya kawaida nayo ni hivyohivyo. Kichujio cha utafutaji cha YouTube kinaweza kukuonyesha zenye leseni ya Creative Commons pekee. Kitumie tangu mwanzo.

Kazi isiyo na maelezo yoyote ya leseni ina hakimiliki kamili. Mtunzi hahitaji kuisajili wala kuiwekea alama ndipo sheria imlinde.

Leseni za Creative Commons zilitoka mwishoni mwa 2002 na zinasomwa kwa herufi zake:

BY: mtaje mtunzi. Unaweza kutafsiri, kukata, kuunganisha, hata kuuza.
SA: ukiibadili kazi, toleo lako nalo libebe leseni hiyohiyo.
NC: isitumike kibiashara.
ND: gawa kama ilivyo. Kutafsiri na kugawa tafsiri hairuhusiwi.

Mambo matatu huwachanganya hata wazoefu. Kwanza, kubana video ili iwe nyepesi, au kuigeuza kutoka aina moja ya faili kwenda nyingine, hakuhesabiwi kuwa ni kuibadili kazi katika leseni za toleo la 4.0. Kwa hiyo hata video yenye ND unaweza kuibana, ila usiipachikie sauti ya Kiswahili na kuigawa. Pili, kazi yenye BY-SA na yenye BY-NC-SA haziwezi kuchanganywa kuwa andiko moja jipya, kwa sababu kila moja inadai leseni yake. Kuziweka kwenye folda moja, kila moja na maelezo yake, hakuna tatizo. Tatu, NC inamgusa mwenye kituo cha masomo ya ziada anayetoza ada. Akitaka usalama, achague zenye BY au BY-SA.

Andika maelezo ya leseni siku unapopakua. Ukiahirisha hadi mwisho wa wiki hutakumbuka faili limetoka wapi. Maelezo kamili yana vitu vinne: jina la kazi, mtunzi, mahali ilipotoka, leseni. Ukibadili kitu, ongeza cha tano: ulichobadili.

Hatua ya 3: Tafuta sehemu chache zenye uhakika

Kolibri ndiyo pa kuanzia. Ni programu ya bure ya shirika la Learning Equality la Marekani, iliyotengenezwa kwa ajili ya shule zisizo na intaneti, na ndani yake kuna chaneli (makusanyo ya masomo) zilizokwisha kusanywa: Khan Academy ya Kiswahili, iliyo imara zaidi kwenye hisabati, maonyesho ya PhET (majaribio ya sayansi ya kuchezea kwenye kioo), hadithi za African Storybook kwa shule za msingi, na nyingine nyingi. Kabla ya kupakua chochote kwingine, angalia kama kiko humo.

OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice, hutoa vitabu kamili. Kitabu chake cha College Physics kina sura za umeme zenye mifano iliyokokotolewa. Chukua sehemu ya kanuni ya Ohm tu. MIT OpenCourseWare, iliyotangazwa 2001, ni ya chuo kikuu. Inamfaa mwalimu anayejiandaa, na leseni yake ni BY-NC-SA. OpenLearn ya Open University ya Uingereza nayo inamfaa mwalimu, hasa kwa kozi fupi. Wikipedia ya Kiswahili ina leseni ya BY-SA. Makala zake zinatofautiana sana kwa ubora, basi soma yote kabla ya kuiweka, na ukikuta kosa lirekebishe hapohapo.

Kwa mada yetu, kitu kimoja chenye thamani kuliko video yoyote ni onyesho la kanuni ya Ohm la PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder. Ukilifungua unaona fomula V = I R kwa herufi kubwa, saketi yenye betri, na vitelezi viwili. Volteji iko 4.5 V, ukinzani 500 Ω, na mkondo unasoma 9.0 mA. Ukisukuma kitelezi cha ukinzani juu, herufi R inavimba na herufi I inasinyaa. Mwanafunzi anauona uwiano kabla hajaukokotoa. Hapo pana mtego mmoja: akigawa 4.5 kwa 500 atapata 0.009, na kioo kinasema 9.0. Wengi huhitimisha kwamba wamekosea au kwamba onyesho ni bovu. Weka swali hilo wazi kwenye zoezi, "Kwa nini jibu lako na la kioo havifanani?", na swali la 3 la orodha yetu litakuwa limefundishika lenyewe.

Hatua ya 4: Punguza uzito wa video

Video ya dakika 10 iliyorekodiwa kwa ubora wa 1080p inaweza kuwa na MB 180 au zaidi. Ikibanwa hadi 480p, kwa kasi ya kilobiti 400 kwa sekunde za picha na 64 za sauti, inashuka hadi kama MB 35. Kwa somo la ubaoni au la slaidi hupotezi kitu cha maana.

Programu ya HandBrake inafanya kazi hii bila malipo. Chagua mpangilio wa Fast 480p30, aina ya H.264, ubora wa RF 26 hadi 28 (namba ikipungua, ubora na uzito huongezeka), sauti ya mono kilobiti 64, na uweke alama kwenye chaguo la kuifanya video ifae wavuti. Anayependa kuandika amri atumie hii ya ffmpeg:

ffmpeg -i chanzo.mp4 -vf scale=-2:480 -r 25 -c:v libx264 -crf 27 -c:a aac -ac 1 -b:a 64k -movflags +faststart 02-volteji-na-mkondo.mp4

Usishawishike na H.265, aina mpya zaidi ya kubana, kwa sababu faili lake ni dogo zaidi. Baadhi ya simu za bei nafuu hazina chipu ya kuisoma. Picha inakatakata, simu inapata moto na chaji inaisha. Na hicho kipande cha +faststart, au lile chaguo la HandBrake, usikiache. Kinahamisha faharasa ya video kutoka mwisho wa faili kwenda mwanzo. Bila hicho, kivinjari kinaweza kulazimika kuisaka faharasa mwishoni mwa faili kabla picha ya kwanza haijatokea, na mwanafunzi atadhani imegoma.

Baada ya kubana, ifungue kwenye ile simu dhaifu. Je, tarakimu ndogo zilizoandikwa ubaoni zinasomeka? Kama 0.5 inaonekana kama 05, rudia kwa RF 23. Isikilize pia kwa spika ya simu, bila visikizi, kwa sababu ndivyo itakavyosikilizwa.

Majina ya mafaili yaanze na namba ya mfuatano yenye tarakimu mbili (01, 02, 03), herufi ndogo, vistari badala ya nafasi. Usiweke alama ya king'ong'o kwenye jina la faili: mchoro-wa-ng'ombe.pdf unaweza kufunguka kwenye kompyuta moja na kusumbua kwenye nyingine. Andika ngombe tu, na uandike sawasawa kwenye kichwa cha habari ndani.

Hatua ya 5: Panga chaneli

Fungua akaunti kwenye Kolibri Studio, tovuti ya kupangia chaneli. Akaunti mpya inapewa MB 500 kwa mafaili unayopakia mwenyewe, na kwa video zilizobanwa hizo ni mada kadhaa. Tengeneza chaneli, ndani yake folda ya mada, na ndani ya folda mpangilio huu: istilahi, video fupi ya swali la 1, onyesho la PhET, video ya ukokotoaji, zoezi, na ukurasa wa grafu pamoja na taa ya nyuzi. Zoezi likae kabla ya grafu. Asiyeweza kukokotoa nukta moja hatachora nukta sita.

Kilichopo kwenye chaneli nyingine kilete kwa kunakili ndani ya Studio, na leseni yake itakuja nayo. Unachopakia mwenyewe utaulizwa leseni na mwenye hakimiliki. Hapo ndipo yale maelezo ya Hatua ya 2 yanapokuokoa.

Ukipakia ukurasa wa HTML mwenyewe, Studio inataka faili la zip ambalo index.html iko juu kabisa. Kosa la kila siku ni kubofya folda na kuibana: index.html inaingia ngazi moja chini, na mwanafunzi anapata ukurasa mweupe. Ingia ndani ya folda, chagua mafaili yenyewe, ndipo ubane.

Chini ya kila kitu andika maelezo ya mistari miwili: kinajibu swali lipi, kinachukua dakika ngapi, mwanafunzi afanye nini akimaliza. "Dakika 6. Tazama hadi mwisho, kisha jibu swali la 1 na la 2 daftarini." Bila maelezo hayo, una ghala tu la video.

Chapisha. Studio itakupa tokeni, yaani msimbo wa herufi chache wa kuipata chaneli yako. Iandike kwenye daftari.

Hatua ya 6: Ipeleke shuleni

Mahali penye intaneti, weka Kolibri kwenye kompyuta, ingia sehemu ya kifaa, na uingize chaneli kwa tokeni. Ikiisha kushuka, itoe kwenda kwenye flashi: Kolibri inatengeneza folda iitwayo KOLIBRI_DATA. Usiihamishie ndani ya folda nyingine wala kubadili jina lake, la sivyo kompyuta ya shule haitaiona. Shuleni, chomeka flashi na uingize kutoka kwenye hifadhi iliyochomekwa.

Ukitaka kuongeza Wikipedia nzima au kamusi, tumia Kiwix, programu ya kusoma tovuti bila intaneti, ambayo mafaili yake huitwa ZIM. Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 90. Ya Kiswahili ni ndogo mno kuilinganisha. Flashi iliyopangwa kwa FAT32 (mfumo wa zamani wa kuhifadhi mafaili) inakataa faili lolote la GB 4 na zaidi, hata kama ina nafasi tele, na ujumbe wa Windows husema faili ni kubwa mno. Ipange upya kwa exFAT kabla ya kuweka kitu.

Sasa unganisha kompyuta na ruta kwa waya. Kwenye mipangilio ya ruta, itengee kompyuta anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, vinginevyo itabadilika ruta ikizimwa na karatasi uliyobandika ukutani itakuwa na anwani ya uongo. Wanafunzi wajiunge na WiFi na waandike http://192.168.1.10:8080 kwenye kivinjari.

Isipofunguka, kagua kwa utaratibu huu:

Simu imeona WiFi haina intaneti ikarudi kwenye data. Hili ndilo la kwanza karibu kila mara. Zima data, na simu ikiuliza kama ibaki kwenye WiFi, kubali.

Kivinjari kimeweka https badala ya http. Andika anwani yote, na http mbele.

Windows imeuweka mtandao kwenye kundi la mitandao ya umma, ukuta wake wa moto unazuia. Uhamishe kwenye kundi la mitandao binafsi.

Wanafunzi wamejiunga na WiFi ya wageni. Ruta nyingi huzuia vifaa vya wageni kuonana na vingine.

Kompyuta imelala. Iwekee isilale hata kifuniko kikifungwa.

Usitegemee simu 40 kutazama video kwa pamoja. Kwa kasi tuliyobana, simu 40 zinahitaji kama megabiti 19 kwa sekunde. Kwenye karatasi ruta inaweza, lakini za nyumbani huanza kuyumba simu zikizidi 20 au 25. Mwalimu aonyeshe video kwa projekta mara moja, simu zibaki kwa onyesho na mazoezi, ambayo ni mepesi. Kama hakuna projekta, simu moja kwa wanafunzi watatu. Na watatu wanaobishana juu ya 0.009 na 9.0 hujifunza zaidi ya mmoja mwenye visikizi.

Umeme ukikatika, kompyuta ina betri lakini ruta haina. Kompyuta ya wati 35 na ruta ya wati 10 kwa saa 4 zinataka wati-saa 180. Betri ya gari au ya sola ya volti 12, Ah 50, ina wati-saa 600 ikiwa nzima, na ya asidi usiitumie zaidi ya nusu. Inatosha.

Kwa walio nyumbani

WhatsApp bado ina nafasi, ikitumiwa kwa nidhamu. Tuma video kama hati, si kama video, kwa sababu ikitumwa kama video inabanwa tena na tarakimu zako zinafifia. Juu yake andika mstari mmoja: mada, dakika, MB, leseni. Mwenye MB 50 zilizobaki ana haki ya kujua kabla hajabofya. Wakumbushe wazime upakuaji wa moja kwa moja.

Usitume onyesho la HTML kwa njia hiyo bila maelekezo. Simu nyingi za Android hulifungua kwa kisomaji kidogo kisichoendesha JavaScript, na kinachotokea ni ukurasa mtupu. Mwambie mpokeaji alihifadhi, kisha alifungue kwa Chrome.

Kuitunza

Ukisahihisha kitu kwenye Studio na kuchapisha upya, tokeni inabaki ileile, lakini shule hazipati mabadiliko mpaka mtu aende na flashi mpya. Kwa hiyo andika mwezi na mwaka kwenye maelezo ya chaneli, na utunze orodha ya shule zenye toleo gani. Kila mwanzo wa muhula pitia ripoti za zoezi kwenye upande wa mwalimu wa Kolibri: swali ambalo wengi wamelikosa mara tatu ama limeandikwa vibaya ama linatanguliwa na video isiyofundisha. Litazame swali lenyewe kwanza. Mara nyingi utakuta limeomba ampea huku data zake ziko kwenye miliampea, bila mahali popote pa kusema hivyo.